Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Mtandao Inayopotea na Kurudi

SWALI: Assalaam aleikum. Nina kompyuta ya mezani ya zamani, yenye Windows XP, ambayo wanangu wa skuli huitumia nyumbani kwetu karibu na bandari. Tangu masika yamalizike, siku nyengine mtandao hupatikana vizuri, siku nyengine kompyuta hupata anwani inayoanza na 169.254 na hakuna ukurasa unaofunguka, na zipo siku ambazo kadi ya mtandao haionekani kabisa katika orodha ya vifaa. Isitoshe, kila ninapoiwasha asubuhi, tarehe huwa imerudi mwaka 2002. Fundi amesema kadi imeungua, ninunue mpya. Je, ni kweli?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam. Kabla hujatoa pesa, zingatia ulichokiandika mwenyewe: kadi hupotea, kisha hurudi. Kadi iliyoungua, kwa mfano kwa radi iliyopita katika waya, kwa kawaida haina siku njema na siku mbaya, huwa imekwisha. Inayopotea na kurudi mara nyingi ina kasoro mahali inapogusana na kitu chengine, na kwa nyumba inayopigwa na upepo wa bahari, wenye unyevu na chumvi, hapo ndipo ningeanza kutafuta.

Anwani ya 169.254 nayo ni ushahidi. Kompyuta hujipa anwani hiyo yenyewe pale inapoiomba anwani ruta (kile kifaa kinachogawa mtandao nyumbani) na isijibiwe. Waya ungekuwa umechomoka, Windows ingekwambia kuwa haujaunganishwa. Kwa hiyo siku hizo kadi ipo, draiva yake (programu inayoiendesha) ipo, na waya umeshika japo kidogo, ila maneno hayafiki. Azima waya mwengine ulio mzima ujaribu. Wa zamani uutazame kichwani kwa tochi: humo mna vishikizo vinane vya shaba, na kadi nyingi za umri huo hutumia vinne tu, yaani cha 1, cha 2, cha 3 na cha 6, hivyo kimoja kati ya hivyo kikiota kutu ya kijani kinatosha kukuharibia siku nzima. Tazama pia kama ule ulimi wa plastiki umevunjika, kwani kichwa kisicholia "ta!" kinapoingia hulegea kila meza inapoguswa.

Siku ambazo kadi haimo katika orodha, waya hauna lawama. Zima kompyuta, chomoa plagi ya umeme ukutani (kuzima tu hakutoshi, kwa sababu bodi kuu hubaki na umeme kidogo), fungua ubavu wa kasha, na uguse chuma chake ili umeme tuli ulio mwilini mwako uondoke. Fungua skrubu ya kadi, uivute moja kwa moja bila kuipinda, kisha uyatazame meno yake ya rangi ya dhahabu. Yakiwa yamefifia au yana madoa, yasugue taratibu kwa raba nyeupe ya kufutia penseli, ukifuata urefu wa meno, halafu uyafute kwa kitambaa kikavu. Usitumie msasa, kwani dhahabu hiyo ni utando mwembamba sana, wala usiyashike kwa vidole, maana jasho lina chumvi yake. Vumbi lililomo katika tundu la kadi liondoe kwa brashi kavu. Mafundi wengi hupuliza kwa mdomo, nami nilifanya hivyo miaka mingi, lakini pumzi ni unyevu vilevile. Rudisha kadi katika tundu lile lile, uikandamize mpaka ikae sawa, kisha ukaze skrubu.

Ukiwa bado umefungua kasha, badilisha na ile betri ya duara ya CR2032, ya volti 3, iliyopo kwenye bodi kuu. Ndiyo inayokurudisha mwaka 2002, na tarehe hiyo ina madhara: kurasa zenye ulinzi huja na vyeti vyenye tarehe, vya kuthibitisha kuwa ni za kweli, na kompyuta inayoishi zamani huvikataa, ukadhani kadi imeharibika tena.

Ukimaliza, andika ping (amri ya kuuliza kama kifaa chengine kinajibu) na anwani ya ruta katika dirisha la amri (Command Prompt). Ruta ikijibu kila mara, kadi yako ni nzima. Kurasa zikiendelea kukataa baada ya hapo, tatizo litakuwa Windows XP yenyewe, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, na kadi mpya haitaliondoa. Lakini ikiwa, baada ya kuisafisha na kuijaribu katika tundu jengine, kadi haionekani hata siku moja, hapo fundi wako atakuwa amesema kweli.

SWALI: Nimeunganisha kompyuta mbili za zamani kwa waya mmoja bila ruta ili nihamishe picha, lakini taa za kadi haziwaki. Kadi zote mbili hufanya kazi kwenye ruta.
Msomaji, Makunduchi, Unguja

JIBU: Waya wako ni wa kawaida, na kadi nyingi za zamani haziwezi kujipanga zenyewe: zote mbili zinasema katika nyuzi zile zile na kusikiliza katika nyuzi zile zile. Mwombe fundi akutengenezee waya wa kukingamisha, ambao kishikizo cha 1 cha upande mmoja huenda kwenye cha 3 cha upande wa pili, na cha 2 kwenye cha 6, na kinyume chake.