Usiuze konsoli zako za zamani zote kisa umepata emuleta

Mkuu umeuliza uuze konsoli zako za zamani ubaki na emuleta kwenye kompyuta, yaani programu inayoiga konsoli, maana "gemu si ni zile zile". Mimi navitumia vyote viwili home na nakwambia usiuze zote, ila pia usijilazimishe kucheza kila kitu kwenye mashine yake, angalia gemu yenyewe inataka nini.

Chukua zile gemu za bunduki za NES, konsoli ya zamani ya Nintendo. Ukivuta triga skrini inakuwa nyeusi kidogo sana halafu pale penye shabaha panatokea kiboksi cheupe, bunduki inacheki kama imeuona ule mwanga muda ule ule. TV ya flati inachelewesha picha kwa hiyo bunduki haioni kitu, utafyatua mpaka vidole viume. Hapo ni chogo, zile TV nene za zamani, na mashine yake tu, basi.

Sasa kuna hili ambalo wapenzi wa orijino hawataki kusikia. Konsoli kama SNES, Mega Drive, PS1 gemu zake nyingi zinatoa picha ya 240p (mistari 240 inayochorwa yote kwa mkupuo), na flati kibao zinaidhania ni 480i (mistari 480 inayochorwa nusu nusu kwa zamu), zinaanza kuichakata weee, picha inakuwa na ukungu na unabonyeza saa hizi jamaa anaruka baadae. Kama huna chogo wala kigeuzi kizuri cha picha, emuleta itakupa raha kuliko mashine orijino, na RetroArch, programu ya kuendeshea emuleta, ina setingi ya kutanguliza fremu (picha) moja au mbili mbele, kule kuchelewa kunapungua sana. Padi ya zamani tafuta adapta ya USB tu, mkono hautajua tofauti.

Alafu kama mashine zako ni za PAL, yaani za mfumo wa TV wa Ulaya na nchi nyingine nyingi, gemu nyingi humo zinatembea kwa 50Hz (picha 50 kwa sekunde) badala ya 60 kwa hiyo ziko slo kama asilimia 17 hivi, na muziki wake unaburuta. Watu tumekua tukidhani ndo spidi yake 😂 kwenye emuleta unaweka toleo la 60Hz umemaliza.

Zile gemu ndefu za stori mi siku hizi nacheza emuleta tu, unasevu popote, ukiitwa unafunga unaondoka.

Ila kabla hujafanya lolote okoa sevu zako. Kaseti nyingi za SNES na Game Boy zinatunza sevu kwa betri ndogo ya duara ndani, hiyo ikifa sevu zimeenda, na ukiichomoa kuibadilisha zimeenda vile vile. Tafuta kifaa cha kusomea kaseti uhamishie sevu kwenye kompyuta kwanza, ukishaweka betri mpya unairudisha, na faili hilo hilo emuleta inalisoma kwa hiyo unaendelea ulipoishia. Mimi hiki ndo kimenifanya niache kubishana orijino au emuleta, vinasaidiana.

Ukibanwa na hela uza konsoli za CD ambazo lenzi imeanza kugoma, bakiza za kaseti, hazina lenzi wala mota ya kuchoka. Na chogo usiligawe, ila usilifungue mwenyewe, linabaki na umeme mkali hata likiwa limechomolewa, mpe fundi anayeyajua.

We una mashine gani hasa, na TV gani?