Posho sitaki, nataka majibu

Mhariri, salaam. Swali lenu la wiki hii limenikuta kwenye cherehani, nikaacha gauni la mtu chini ya sindano: je, wanawake wanaojitolea kwenye kamati za serikali za mitaa walipwe posho, au waendelee kufanya kwa moyo? Nililisoma kwa sauti hapa barazani na wateja wakagawanyika papo hapo. Mmoja akasema mkono mtupu haulambwi, walipwe. Mwenzake akasema ukishaleta hela umeshaita wezi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya aina hiyo, huu mwaka wa sita, na jibu langu halimo kwa huyu wala kwa yule.

Naishi Tanga mjini. Mtaa sitautaja, mtendaji wetu ni msomaji wenu. Kamati yenyewe ni ile ya ulinzi wa wanawake na watoto, wengi wanaiita MTAKUWWA kwa sababu ilizaliwa na Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18. Mpango ule ulitaka kamati kila ngazi, kuanzia taifa, mkoa, halmashauri, kata, mpaka huku chini kwenye kijiji na mtaa. Lengo lilikuwa kubwa: kufika 2021/22 ukatili upungue kwa nusu. Huko juu waliandika nusu. Huku mtaani waliokabidhiwa kuipunguza ni fundi cherehani, mwalimu mstaafu, muuza mihogo, shehe, mchungaji na mhudumu wa afya, wakiwa na kauntabuku moja ambayo nilinunua mwenyewe.

Kazi yetu ni kusikiliza, kuandika na kushauri. Hatukamati mtu, hatuhukumu, hatuna fungu. Tunachoandika kinakwenda kwa mtendaji wa mtaa, kinapanda kata kwa afisa maendeleo ya jamii, kutoka hapo sisi hatukioni tena. Lakini mtu aliyevimba jicho hajui habari za ngazi. Anachojua ni kwamba wewe ulitajwa kwenye mkutano wa hadhara, ukasimama, ukapigiwa makofi. Kwake wewe ndiye serikali, na mlango wako hauna saa za kazi.

Usiku mmoja, yapata saa tano, nilisikia hodi ndogo, ile ya mtu anayeogopa jirani asiamke. Nikafungua. Mwanamke kakandamiza kanga sikioni, kanga imeloa, na mkono mwingine kashika kandambili moja. Ya pili ilipotea njiani. Sikumuuliza kitu, nikamwita kijana wa bajaji anayelala nyumba ya tatu. Tulianza polisi, maana PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, inatoka huko, na niliogopa hospitali wangeturudisha bila hiyo. Kituoni tukaambiwa afande wa dawati la jinsia na watoto keshaondoka, tungoje. Tukangoja kwenye benchi karibu saa nzima, damu inakauka shingoni kwa mtu. Fomu tukapata, tukaenda hospitali, tukarudi alfajiri. Bajaji ilinila shilingi 12,000, dawa 6,500. Yule kijana aliponishusha akaniuliza, "Mama, hizi serikali si inakurudishia?" Nikacheka mpaka akaona vibaya.

Asubuhi yake nilikuwa na suti ya mwanamke wa harusini, nimeahidi saa sita. Saa sita ikafika, mkono mmoja haujashonwa. Mteja hakugomba, alikunja tu kitambaa chake akaondoka nacho, na hajarudi mpaka leo. Hiyo nayo niiandike wapi?

Niliiandika. Kauntabuku yangu ina pande mbili: mbele nimeandika vipimo vya wateja, kiuno, mabega, urefu; nyuma, nikianzia ukurasa wa mwisho, naandika ya kamati. Mwaka jana nilikaa nikajumlisha huko nyuma. Bajaji, vocha za kumpigia afisa ustawi ambaye hapokei mpaka mara ya nne, kutoa nakala za mihutasari, uji wa mtoto aliyelala kwangu siku mbili. Shilingi 187,500 kwa miezi kumi na miwili, bila kuhesabu ile suti. Kwa mtu wa mshahara hizo ni hela za kusahau. Kwangu ni bei ya sare za shule za wanangu wawili, na viatu.

Kwa hiyo mtu akiniambia tufanye kwa moyo, moyo ninao. Mtendaji tuliyekuwa naye mwanzo alipenda sana kutufungulia kikao kwa kusema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali nzuri, ila nimechunguza, mara zote huwa mdomoni mwa anayepokea.

Pamoja na hayo posho siitaki, na sababu yangu ni hii. Mwaka fulani lilikuja shirika na mradi wake, likatangaza kwamba wajumbe watapewa mafunzo siku tatu, na mafunzo yana bahasha. Mhariri, wiki ile kamati ilifurika! Watu ambao sikuwahi kuwaona kikaoni walikuwa wamejaa kwenye karatasi ya mahudhurio, mmoja kaandikwa kwa jina la mkewe. Mwanamke wa kamati kweli, muuza mihogo wetu ambaye ndiye macho ya kamati, aliambiwa nafasi zimekwisha. Mradi ulipofunga, wale wote walipotea kama kumbikumbi baada ya mvua. Ukiweka posho ya kikao, viti hivi vitachukuliwa na ndugu na marafiki wa wenye kupanga orodha, na mwanamke mwenye kandambili moja atagonga mlango wa mtu asiyemjua.

Ninachotaka ni nirudishiwe nilichotoa mfukoni. Nauli, vocha, dawa za dharura, karatasi. Halmashauri inakusanya ushuru hata kwa muuza mchicha. Haishindwi kutenga kidogo kwa kila mtaa, kikae kwa mtendaji, mjumbe asaini na mwenzake ashuhudie. Ukifanya hivyo hakuna atakayegombea ujumbe kwa tamaa, maana hakuna wa kutajirika kwa kurudishiwa nauli ya bajaji. Na masikini ataweza kujitolea. Kwa sasa hawezi.

Hapo kwenye masikini nikae kidogo, kwa sababu wengi wanaojadili posho wanaliruka. Vikao vyetu huitwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Saa nne ni saa ya nani? Mama lishe ndiyo kwanza anasugua sufuria za chai na kubandika maharage ya mchana. Msusi ana kichwa cha mtu mapajani. Dada wa kazi hawezi kumuaga tajiri wake kwamba anakwenda kwenye kamati ya kutetea wanawake. Atarudi akute begi lake nje. Anayeweza kuja saa nne ni mwalimu mstaafu, mke wa mtu mwenye mshahara, na mimi ninayeweza kufunika cherehani nikala hasara kimyakimya. Miaka sita sijawahi kukaa kikao kimoja na dada wa kazi. Ukifungua kurasa zangu za nyuma, kesi za kina dada wa kazi ndizo nyingi kuliko zote: mshahara miezi minane haujalipwa, simu imechukuliwa, baba mwenye nyumba anaingia chumbani usiku. Tunawajadili wenyewe hawapo, kama wagonjwa.

Sheria zetu zimejitahidi kuhesabu viti. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Baraza la kata, lile la kusuluhisha migogoro, lina watu wanne hadi wanane, watatu wawe wanawake. Ni jambo jema, bibi yangu hakulipata. Lakini kiti kilichowekwa saa nne asubuhi kimeshachagua mwanamke wa kukikalia.

Mara moja tulijaribu kukutana Jumapili saa kumi alasiri, chini ya mwembe, baada ya mwalimu mstaafu kumbembeleza mtendaji. Walikuja wanawake kumi na mmoja wapya. Mama lishe mmoja, kabla hata hatujafungua kikao, akatuambia kitu ambacho kamati nzima ilikuwa haikijui: wasichana wanaotoka tuisheni saa moja jioni hupita nyuma ya ukuta wa ghala bovu, kwa sababu njia kubwa ina kijiwe cha vijana wanaowashika mikono. Nyuma ya ukuta ni giza totoro. Yeye anajua kwa sababu ndoo zake za maji machafu huzimwaga huko. Amewaona, amewasikia, na mara mbili amepiga kelele mtu akakimbia. "Mngeniuliza ningewaambia zamani," akasema, "ila hamjawahi kuniita."

Tukaandika ushauri safi kuliko yote tuliyowahi kuandika. Taa moja nyuma ya ukuta, na wakubwa wa kijiwe waitwe, wazungumzishwe, wasogee. Tukapeleka. Miezi mitatu kimya. Tukaandika tena, tukaambatisha nakala ya kwanza. Kimya. Mara ya tatu nikaenda kuulizia mwenyewe, nikaambiwa barua iko kwenye mchakato. Baada ya mwaka na nusu taa ikaja kweli, mpya, ya sola, inawaka mpaka asubuhi. Ikasimikwa mbele ya ofisi.

Jumapili ile ndiyo ikawa ya mwisho. Tuliambiwa kikao cha serikali hakifanywi chini ya mwembe, na ofisi Jumapili imefungwa.

Ndiyo maana nasema posho ni jambo dogo. Ukiniuliza kilichowaondoa wajumbe wazuri kwenye kamati yetu, na wameondoka watatu, hakuna aliyetaja hela. Wote walisema wamechoka kuongea na ukuta. Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, iliposimamishwa mwaka 2023, wanawake wa vikundi walikuja kwetu kuuliza itarudi lini. Wengine walikuwa kwenye hatari kabisa, maana mwanamke anayechoma vitumbua kwa mtaji wake akiishiwa anarudi kuomba hela ya sabuni kwa mtu yule yule anayempiga. Tukaandika kuuliza. Mikopo iliporudi mwaka 2024, kamati yetu ya mtaa ilipata habari kupitia redioni, pamoja na watu wote. Tulionekana wajinga mbele ya waliotuamini. Tungejibiwa hata mstari mmoja, hata "hatujui bado", tungekuwa na la kuwaambia.

Mimi ningeweka hivi: barua ya kamati ikipokelewa igongwe muhuri, na ndani ya siku 30 ijibiwe kwa maandishi. Ndiyo, au hapana kwa sababu hii. Hapana naiweza. Nikiambiwa taa hakuna fungu mwaka huu, nitawaambia wazazi wa wale wasichana wapeane zamu ya kuwapokea watoto. Kimya ndicho kinachoniua, kwa kuwa nakaa naye mtaa mmoja yule mama lishe, napita kwake kila asubuhi, na kila asubuhi ananiuliza.

Nisiwe mchoyo wa shukrani. Yapo yaliyofanyika. Yule mwanaume wa usiku ule wa kandambili alipoitwa alikuja amekasirika, akasema amemrudi mkewe, sisi yanatuhusu nini. Mwalimu mstaafu alivaa miwani yake taratibu, akamsomea Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, kwamba hakuna aliye na haki ya kumpa mwenziwe wa ndoa adhabu ya kipigo. Yule bwana akauliza kama sheria hiyo ni mpya. Mwalimu akamwambia, "Mwanangu, imetungwa wewe hujazaliwa." Kesi ilikwenda polisi na mwanamke leo anapanga chumba chake. Sikio moja halisikii vizuri.

Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 tuna mwenyekiti mpya. Nilimpelekea kauntabuku, nikaigeuza nikamfungulia kurasa za nyuma. Akasoma kimya, akafika kwenye 187,500, akasema, "Mama, leta stakabadhi, nitalisemea." Bajaji hazitoi stakabadhi, kila mtu anajua. Lakini nimeona tusishindwe kwa hilo. Sasa kila nikimpeleka mtu, kijana wa bajaji anasaini pembeni ya tarehe na kiasi. Ameshasaini mara nne. Mara moja aliweka dole gumba, mkono ulikuwa na grisi.

Daftari liko kwa mtendaji tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, vipimo vya wateja wangu navikumbuka kwa kichwa. Taa ya nyuma ya ukuta nimeiandika upya, na safari hii nimeiweka ukurasa wa kwanza. Kikao kijacho ni Alhamisi, saa nne asubuhi.

Fundi cherehani, Tanga