Hukumu ya kutega mbweha kwa tanzi kwenye kivuko cha kijito

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mtu wa Mombasa, ila kwa sasa naishi mashambani Pennsylvania, Marekani. Mbweha wamenimalizia kuku. Jirani yangu, ambaye ni Mkristo, huwatega kila majira ya baridi kwa tanzi za waya, hasa pale gogo lilipolala juu ya kijito, wanapopenda kuvukia. Asubuhi akimkuta hai humpiga risasi ya kichwa, kisha huuza ngozi na manyoya yake. Ananiambia tushirikiane. Je, yafaa? Na nyama, na pesa ya ngozi, hukumu yake ni ipi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yetu.

Tuanze na jina, maana hapo wengi huteleza. Kiswahili kina neno moja, mbweha, kwa wanyama wawili ambao fiqhi imewatenganisha. Mbweha wa kwetu mwenye mgongo mweusi ni ibnu awa, na kauli sahihi zaidi katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayofuata, ni kwamba haliwi. Huyo wa huko, mwekundu au wa kijivu, ni thaalabu, na Imamu Nawawi katika kitabu chake Minhaj amemweka pamoja na sungura na fisi katika wanyama halali. Hadithi ya Bukhari na Muslim inayokataza kila mnyama wa mwitu mwenye chonge, maulamaa wetu wameifahamu kuwa ni chonge cha nguvu anachoshambulia nacho, na cha thaalabu ni dhaifu. Wahanafi wanamharamisha, na kwa Imamu Ahmad zimepokewa riwaya mbili. Kwa hiyo usimwandalie mgeni nyama hiyo bila kumwambia ni ya nini. Koyoti naye hupita vivuko hivyo hivyo. Huyo ni wa jamii ya mbwa mwitu, na haliwi.

Kutega kwenyewe kunajuzu, na mnyama akinasa katika mtego uliotegwa kwa kuwinda anakuwa mali ya mtegaji hata kama hayupo. Tatizo lako haliko hapo. Liko kwenye namna mnyama anavyokufa, na kwenye lile gogo.

Allah amesema katika Suratul Maida, aya ya 3, kuwa aliyekufa kwa kunyongeka ni haramu, isipokuwa mtakayemdiriki mkamchinja. Tanzi kazi yake ni kukaza shingo. Mbweha aliyekufa ndani yake ni kibudu, hata ukiwa ulisoma Bismillahi ulipotega, kwa sababu waya umemkaba, haukumchinja. Sasa fikiria gogo lililo juu ya maji. Mbweha hapendi kulowa miguu, ndiyo maana hupita juu ya gogo au mawe, na ndiyo maana watega hupapenda. Lakini akinasa huruka pembeni, waya unabaki umefungwa juu, naye ananing'inia mpaka anakata roho. Waya ukiwa mrefu, anafika majini na kuzama. Mtume ﷺ alimwambia sahaba Adiyy bin Hatim, kuhusu mnyama aliyepigwa mshale kisha akakutwa amezama, asimle, kwa kuwa hajui ni maji yaliyomuua au ni mshale. Huo ulikuwa mshale unaotoa damu. Waya je?

Basi mtego usiwe juu ya gogo wala ukingoni. Fuata njia ya mbweha kutoka kwenye kivuko, rudi nyuma mita kadhaa mpaka nchi kavu, mahali ambapo urefu wote wa waya, ukiuzungusha kama bikari, haugusi maji, mti, mzizi wala ua. Waya ukijizungusha kwenye kijiti unakuwa mfupi, mnyama hana nafasi, anajinyonga. Funga kwenye chuma kilichopigwa ardhini sana, na pawe na kiungo kinachozunguka kati ya chuma na waya ili usijisokote. Kufuli ya tanzi iwe ile inayolegea mnyama akiacha kuvuta, na kuwe na kizuizi kinachozuia kitanzi kufunga mpaka mwisho. Kitanzi chenye upana wa sentimita 20 hadi 25, ukingo wake wa chini ukiwa kiasi hicho hicho kutoka ardhini, humshika shingoni. Kikiwa kikubwa sana au kikikaa chini sana, hupenya mpaka kiunoni, na hapo anaumia tumboni. Kikikaa juu, anapita chini yake. Theluji ikianguka usiku, ardhi imepanda: vipimo vyako vimeharibika, rekebisha au ondoa mtego.

Kukagua ni wajibu wako wa kisheria na wa kidini. Pennsylvania inadai mafunzo maalumu kwa anayetumia tanzi hizi, na mitego ikaguliwe kila baada ya saa 36; kufuata sheria hizo ni katika kutimiza ahadi yako na nchi unayoishi. Mimi nakushauri kila alfajiri ukishaswali. Mwanamke yule wa kwenye hadithi aliingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Ukijua huwezi kwenda kesho, kwa safari, ugonjwa au dhoruba, tegua mitego yote leo.

Ukimkuta hai, risasi ya kichwa haimhalalishi. Mnyama aliyekwisha nasa yuko chini ya uwezo wako, na wa namna hiyo uhalali wake ni kuchinjwa. Risasi ikiingia kwenye ubongo, uhai uliotulia, yaani ule ambao lazima uwepo wakati wa kuchinja, umeondoka, na kupitisha kisu baada ya hapo hakufai kitu. Mbane shingo kwa fimbo yenye panda au kwa mti wa kukamatia wenye kitanzi, mtu wa pili ashike miguu ya nyuma, glavu nene mkononi kwa sababu mbweha anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Anayeonekana hana woga wala hakimbii, au anatokwa mate mengi, usimguse kabisa. Piga simu kwa maofisa wa wanyamapori. Kisu kiwe kikali, kikate koromeo na umio pamoja kwa mara moja. Jirani yako akichinja hivyo, chinjo lake linafaa, kwa kuwa ni katika Ahlul Kitab.

Ngozi ndiyo yenye uzito, maana pesa yote iko kwenye manyoya. Thaalabu aliyechinjwa, ngozi na manyoya yake ni tohara, uuze bila wasiwasi. Tundu la kisu kooni litapunguza bei kidogo. Damu ioshe mara moja kwa maji baridi. Aliyekufa kwenye tanzi au kwa risasi, ngozi yake hutoharika kwa kudibaghi, yaani kuitengeneza kwa kitu kikali isioze, kwani Mtume ﷺ amesema ngozi ikidibaghiwa imetoharika. Lakini kwa kauli yenye nguvu kwetu nywele hazitohariki kwa dibaghi, na najisi haiuzwi. Wala kuwamba ngozi kwenye ubao mpaka ikauke, au kuitia chumvi, si kudibaghi; panahitajika kitu kikali kama maganda ya komamanga au magome ya miti kinachoondoa unyevu wa ndani, hata ikirudishwa majini isioze. Kwa hiyo mgao wako katika ngozi za jirani alizopiga risasi usiupokee. Mwambie ushirika wenu uwe kwa waliochinjwa tu.

Na kama shida yako ni kuku, anza na banda. Mwenye kudhuru huzuiwa kwa njia nyepesi kwanza. Waya wa matundu madogo uliochomelewa, si ule mwembamba wa kuku ambao mbweha huuchana, uingie ardhini sentimita 30 au utandazwe nje ya ukuta kama kibaraza, kwa sababu mbweha huchimba pale pale ukuta unapogusa udongo. Mlango ufungwe kabla ya Magharibi. Akiendelea kuja baada ya hapo, una haki ya kumtega.

Kivuko cha kijito pia hutumiwa na mbwa wa watu na watoto. Ukitega kwenye njia ya wote bila ruhusa na mbwa wa mtu akafa, dhamana ni yako, sawa na aliyechimba kisima njiani. Pata idhini ya mwenye shamba, na wajulishe majirani wenye mbwa kabla ya mtego wa kwanza.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.