Ekrani mbili, tundu moja la HDMI

Ndugu, unauliza kwa nini ekrani zako mbili zinaonyesha picha moja, badala ya kila moja kuwa na yake. Kile kidude ulichonunua Birere, cha HDMI moja kuingia na mbili kutoka, hakijaharibika. Kazi yake ni kurudufu picha ileile tu, ndiyo maana ekrani zote mbili zinafanana (wauzaji wetu wa Goma mara nyingi hawakuambii hilo, wanakutajia bei tu). Angalia mgongoni mwa kompyuta: ukiona tundu la DisplayPort (aina nyingine ya tundu la picha), toleo la 1.2 au la juu zaidi, tafuta habu ya MST (kidude kinachogawa tundu hilo kwa ekrani kadhaa), hiyo inapeleka picha tofauti kwa kila ekrani. Windows inaikubali. Mac haiikubali, itarudia picha moja. Huna tundu hilo? Basi adapta ya USB yenye chipu ya DisplayLink (inayopitisha picha kwenye USB), uweke na programu yake. Kwa Excel na barua za ofisi inatosha kabisa. Kwa michezo ya video usijisumbue.