Dada, usichanganye hizo krimu mbili za jua!

Dada wa Bukavu, weka hiyo bakuli chini kwanza. Nimesoma: una tyubu uliyoletewa kutoka Ubelgiji, nyuma imeandikwa Butyl Methoxydibenzoylmethane, na losheni ya soko la Kadutu yenye Ethylhexyl Methoxycinnamate. Unataka kuzikoroga pamoja zipate nguvu mara mbili. Tena unauliza bei, unauliza kuhusu mtoto wako wa miaka miwili, na kama utapaka poda juu yake. Hayo mengine nitakujibu siku nyingine.

Usichanganye.

Mimi nauza vitambaa Birere, hapa Goma, meza haina kivuli. Nilipojifungua mtoto wa mwisho mashavu yalishika madoa. Yule mama wa vipodozi, amevaa koti jeupe la daktari (udaktari wenyewe uliishia kwenye koti), akanikorogea kwa kijiko cha chai mbele ya macho yangu: "Hii ni 30, hii ni 20, jumla 50." Na mimi ninayehesabu franga siku nzima bila mashine, nikalipa! Namba hizo za SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, hazijumlishwi hata kidogo. Zilipimwa kwenye krimu kama ilivyotoka kiwandani. Ukishaikoroga na kitu kingine, namba imekufa.

Sasa sikiliza ubaya wenyewe. Hiyo ya Ubelgiji ndani yake ni avobenzoni, inakamata miale ya UVA, ile inayozama ndani ya ngozi na kukoleza madoa. Kiwango chake cha juu Marekani ni asilimia 3, Ulaya 5. Ukiikata nusu kwa losheni, imebaki nini? Tena jua lenyewe huivunja, ndiyo maana viwanda vingi huiweka pamoja na oktokrileni, kichujio kingine cha jua, iishikilie. Ile ya Kadutu ni oktinoksati (ndiyo hiyo Ethylhexyl Methoxycinnamate), kazi yake ni UVB, miale inayounguza ngozi juu juu. Ukizianika pamoja juani, zenyewe kwa zenyewe zinashikana na kugeuka kitu kingine kisichochuja kama mwanzo. Nililipa walinzi wawili, wakapigana wao kwa wao, mwizi akapita mlangoni anapiga mluzi.

Na jua lenyewe ni la hapa! Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari, ikweta iko karibu, na kila ukipanda mita 1,000 miale inaongezeka kama asilimia 10. Madoa yakawa meusi ti. Nikarudi kwa mama koti. Unajua aliniuzia nini? Krimu ya haidrokinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, eti "ya kusafisha", kitu ambacho Ulaya wamekikataza kwenye krimu za kujipaka! Nikapaka, nikakaa juani kama kawaida. Hapo ndipo mtaji wa vitambaa ulipoishia: daktari wa ngozi, dawa, daktari tena. Yeye mpaka leo ana duka, na koti limepigwa pasi.

Hata nguo hazikupona. Avobenzoni ikikutana na chuma kilicho kwenye maji ya kufulia inaacha doa la rangi ya kutu. Kola ya blauzi yangu ya kwaya, mume wangu akauliza kama siku hizi nauza mabati.

Kwa hiyo krimu moja, vile ilivyofungwa, basi. Geuza hiyo tyubu: karibu na hilo jina refu tafuta Octocrylene, au Bis-Ethylhexyloxyphenol Methoxyphenyl Triazine, hiyo nayo inaishikilia. Angalia kama kuna UVA ndani ya duara. Ulaya alama hiyo inasema kinga ya UVA inafika angalau theluthi ya ile namba kubwa ya mbele. Ukiviona, paka hiyo peke yake, paka nyingi, saa mbili zikipita rudia. Ukiikosa oktinoksati humo ndani, shukuru.

Piga picha ya nyuma uiweke hapa kabla hujaifungua. Na hiyo losheni ya Kadutu, kama inakuuma kuitupa, paka miguuni usiku.