Kwa nini shakwe hapigi mbizi kama buabua?
Umeuliza kwa nini shakwe, ndege wa baharini, hajitupi majini kama ndege mwenzake buabua. Mwili wake ni mnene kuliko wa buabua na manyoya yamejaa hewa, anaelea kama kifuu, kwa hiyo mara nyingi huokota vya juu juu. Ndiyo maana hachagui: kaa, matumbo ya samaki dikoni, mayai na makinda ya buabua, hata kumpora mwenzake mdomoni. Mwizi hasa!

Buabua wengi hujitupa majini kichwa mbele. Ila yule wa bahari kuu, mwenye mgongo mweusi, manyoya yake hulowa upesi, kwa hiyo hunyakua vidagaa wanaofukuzwa juu na jodari. Ukiona kundi lake linazunguka, kokota mshipi wa kuvulia pembeni. Ukilipasua katikati kwa injini, jodari huzama.