"Mimi" wangu hayupo kikaoni, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Naandika riwaya yangu ya kwanza, msichana anasimulia mwenyewe, ni "mimi" mwanzo mwisho. Sasa niko sura ya 6 nimekwama, shemeji yake anakaa na watu wanapanga kumdhulumu nyumba ya marehemu baba yake na yeye kwenye kikao hicho hayupo. Nibadilishe kitabu kizima kiwe "yeye"?

JIBU: Pole ndugu, ila usifute kitu kwanza. Shida hapo sio "mimi" wala "yeye", shida ni nani anajua nini na anakijua lini. Hata nafsi ya tatu ziko tofauti, kuna msimulizi anayejua yote mpaka mawazo ya mbwa, na kuna yule anayemfuata mtu mmoja tu, na ukihamia kwa huyu wa pili kile kikao bado hutakiona, utakuwa umeandika upya sura 5 za bure.

Mi ningemwacha asijue. Aone tu shemeji kawa mkarimu ghafla, anaulizia hati inakaa wapi, watu wananyamaza yeye akiingia. Msomaji atashtuka kabla yake na ataanza kumhofia, na hofu hiyo ukituonyesha kikao chote huipati ng'o.

Kumbuka Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa kwenye hadithi za Mwingereza Conan Doyle. Tangu 1887 Conan Doyle alimwachia Watson, rafiki yake Holmes, asimulie, maana Holmes akisimulia itabidi aseme anachowaza na siri inaishia hapo hapo. Kuna hadithi mbili za 1926 Holmes kasimulia mwenyewe, na kwenye moja analalamika kabisa kwamba hapa ndo anamkosa Watson wake! Kwa hiyo ukichagua msimulizi usitafute anayejua zaidi, tafuta yule ambaye kutojua kwake kuna faida.

Ukiona kikao lazima kionekane, basi mpe shemeji sura zake, kwa "yeye" sawa tu, lakini aanze mapema, sura ya 2 hivi, sio aibuke ya 6 kisa umekwama.

Afu kingine, kwenye kurasa ulizotuma umeandika "macho yangu mazuri yakalengwa na machozi". Kayaona nani? Hiyo ndo ya kufuta.